Mgongo wa miaka tisa, mguu wa miezi sita: kisa cha fundi cherehani

Huyu mama ni fundi cherehani. Alikuwa na miaka 46 alipokubali kupasuliwa, na mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu akiwa na 37. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kisu sikishiki, ila nakutana na mgonjwa kabla ya kisu na baada yake, na mara nyingi ndiye ninayeulizwa lile swali ambalo mgonjwa aliona haya kumwuliza bingwa. Ameniruhusu kuandika kisa chake, nami nimebadilisha mambo machache asije akatambulika.

Alikuwa na swali moja: nipasuliwe mgongo au niendelee kuvumilia? Ilituchukua miezi, na kosa langu moja, kugundua kwamba yalikuwa maswali mawili yaliyoshonwa nguo moja.

Mgongo

Maumivu ya mgongo wake hayakuwa na siku ya kuzaliwa. Hakuanguka, hakugongwa. Kiuno kilianza kukaza jioni baada ya kushona, baadaye na asubuhi pia, hatimaye ikawa hali ya kila siku yenye vipindi vyake: wiki nzuri, wiki mbaya, na mara mbili tatu kwa mwaka siku ambazo hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Miaka mitano aliishi kwa vidonge vya kutuliza maumivu na mkanda wa kiunoni.

Mwaka wa tano akapigwa picha ya MRI. Ripoti ikasema diski mbili za chini kabisa, yaani mito iliyo kati ya pingili, ile iliyo kati ya L4 na L5 (pingili mbili za mwisho za kiuno) na ile iliyo kati ya L5 na S1 (mfupa ulio chini yake), zimekauka, zimepungua kimo na zimetuna kidogo. Kwa lugha aliyotoka nayo hospitalini, pingili zimesagika. Neno hilo lilimwingia kuliko maumivu yenyewe. Akaacha kuinama. Akaacha kubeba ndoo. Kukaa kwake kukawa kwa mtu aliyefungiwa glasi kiunoni, anayeogopa isipasuke.

Daktari aliyemwona wakati ule alipendekeza kuunganisha pingili: diski zinaondolewa, panawekwa mfupa na skrubu, pingili zinaota pamoja zikawa kitu kimoja kisichochezacheza. Alikataa. Yeye mwenyewe hucheka akikumbuka, maana hakukataa kwa hoja yoyote. Aliogopa tu. Na kwa mara hiyo woga ulimpa ushauri mzuri.

Nasema mzuri kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni picha yenyewe. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za watu 98 ambao mgongo haukuwauma hata kidogo: asilimia 52 walikuwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja, na asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza waziwazi. Mapitio ya mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 68 ya wenye miaka 40 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ripoti yake ingeweza kabisa kuwa ya jirani yake anayeruka kamba na wanawe. Hilo halifanyi maumivu yake kuwa ya kubuni. Alikuwa akiumwa kweli. Ila picha ile haikuonyesha mahali ambapo mtu angeweka kidole akasema: hapa ndipo pa kukata.

La pili ni ushahidi wa upasuaji wenyewe kwa mtu ambaye tatizo lake ni mgongo mtupu. Utafiti wa Sweden wa 2001 uliipa ushindi skrubu, lakini waliolinganishwa nao walipewa tiba ya kawaida ile ile iliyokwisha kuwashinda. Wanorwei mwaka 2003 na Waingereza mwaka 2005, hawa wakiwa na wagonjwa 349, walilinganisha upasuaji huo na programu nzito ya mazoezi iliyoambatana na kumfundisha mgonjwa asiuogope mgongo wake. Norwei hawakuona tofauti ya maana. Uingereza waliiona, lakini ndogo. Kuunganisha pingili kuna mahali pake: pingili moja inapoteleza juu ya mwenzake, mfupa unapovunjika, mgongo unapopinda vibaya. Yeye hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Alipofika kwangu nilianza na lile neno. Tulitumia muda mwingi zaidi kulifuta "kusagika" kuliko kufanya mazoezi, na naona ndivyo ilivyotakiwa. Baada ya miaka miwili alikuwa anainama, anabeba, anatembea saa nzima. Mkanda aliuweka kabatini. Siku za kushikwa mkono kitandani zilipungua hadi moja kwa mwaka. Maumivu hayakuisha, ila yeye na mgongo wake walifika mahali pa kuheshimiana. Tukaachana kwa amani.

Mguu

Kisha asubuhi moja akainua bunda la vitambaa sakafuni. Mgongo ulimkamata kwa siku mbili, halafu ukapoa, akafurahi. Siku ya tatu mguu wa kulia ukawaka moto.

Kwa wanaoijua siatika, maumivu ya neva yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, hii si habari ngeni: mara nyingi mgongo hutulia kidogo pale mguu unapoanza. Maumivu yalitoka kwenye kalio, yakapita ubavuni mwa paja, nje ya muundi, juu ya wayo, yakaishia kwenye kidole gumba. Akikohoa, yanapiga. Akikaa zaidi ya dakika kumi, yanapiga. Kwa fundi wa cherehani kukaa ndiyo kazi, kwa hiyo kazi ilisimama. Alilala sakafuni, miguu juu ya kiti, kwa vipande vya saa moja moja.

Nilimpima wiki ya pili. Amelala chali, nikiuinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, haukufika hata nyuzi 40 kabla hajanishika mkono. Ngozi kati ya kidole gumba na cha pili ilikuwa imeanza kufa ganzi. Nguvu za kidole gumba zilikuwa kamili, nikaandika tano kwa tano, maana nguvu tunazipima kwa sifuri hadi tano. Njia ya maumivu na mahali pa ganzi vilisema kitu kimoja: neva ya L5. Na neva hiyo, kwa jinsi mgongo ulivyopangwa, kwa kawaida hubanwa na diski iliyo kati ya L4 na L5.

Uhusiano huu wa diski na mguu ni ujuzi wa juzijuzi kuliko watu wanavyodhani. Mixter na Barr, madaktari wa Boston, ndio walioueleza vizuri mwaka 1934. Kabla yao vipande vile vilivyokutwa vimeikandamiza neva vilidhaniwa kuwa uvimbe wa gegedu.

Nilimwambia asubiri. Kwa wiki kumi za mwanzo bado nasimama na kauli hiyo. Kipande cha diski kilichotoka si kama jiwe lililokwama. Mwili hukitambua kama kitu kigeni, hukishambulia na kukila pole pole. Tena la kushangaza, kipande kilichochomoka kabisa hunywea mara nyingi zaidi kuliko diski iliyotuna tu, hivyo picha ya kutisha zaidi yaweza kuwa ndiyo yenye matumaini zaidi. Utafiti mmoja wa Uholanzi, uliochapishwa 2007, uliwachukua watu 283 waliokuwa na siatika kali kwa wiki 6 hadi 12, nusu wakapangiwa upasuaji wa mapema na nusu wakaambiwa wasubiri. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban 95 kati ya kila 100 wakisema wamepona. Sharti usome na mstari wa pili: asilimia 39 ya walioambiwa wasubiri walishindwa kusubiri, wakapasuliwa njiani.

Akatembea, akabadilisha mikao, akameza dawa. Alipewa na pregabalini, dawa ya neva. Ilimpa kizunguzungu, basi. Haikunishangaza, kwa kuwa jaribio la Australia la mwaka 2017 liliipima kwa wagonjwa wa siatika na haikushinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani.

Wiki ya kumi picha mpya ikapigwa. Diski ya L5 na S1 ilikuwa vile vile ilivyoachwa miaka minne nyuma. Ya L4 na L5 ilikuwa imepasuka upande wa kulia, na kipande kimeshuka mpaka juu ya neva ya L5. Safari hii picha na mwili vilisema neno moja: upande ule ule, neva ile ile, muda ule ule. Mimi nikiulizwa nini hutofautisha upasuaji wa mgongo unaofaulu na ule unaoacha majuto, hapa ndipo huanzia. Swali la picha ina nini nimelizoea. Kinachonishughulisha ni kama ilichonacho kinaeleza anachoumwa mwenye picha.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimchoma sindano ya steroidi kando ya neva hiyo. Alipata wiki tatu za usingizi. Kisha moto ukarudi.

Daftari

Mwezi wa nne alinijia amechoka, akiongea habari za "mgongo" kana kwamba ile miaka tisa yote ilikuwa ugonjwa mmoja uliofikia kilele. Ndugu zake nao waliongea hivyo hivyo. "Miaka tisa, mama, si inatosha?" mdogo wake alimwambia mbele yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuona hatari. Mtu akipasuliwa kwa sababu amechoka miaka tisa, atatarajia miaka tisa yote iondoke. Mguu ulikuwa na miezi minne tu.

Ana daftari la vipimo vya wateja, lenye safu za kifua, kiuno, urefu. Nikamwomba ukurasa mmoja achore safu mbili: mgongo, mguu. Kila usiku aandike namba, sifuri hadi kumi, na kando yake kilichomshinda siku ile.

Baada ya wiki tatu alirudi nalo, na sikuhitaji kumfafanulia kitu. Mgongo ulikuwa nne, tano, nne, tatu, tano, ile ile aliyoishi nayo akishona na kucheka. Mguu ulikuwa nane, tisa, saba, nane. Na kila kilichomshinda, kulala, kukaa, kupanda gari, kilikuwa upande wa mguu. "Kumbe," alisema akiupitisha ukucha wake kwenye safu, "mgongo huu mimi nilishauzoea."

Kikanyagio

Sasa kosa langu.

Katika kumpokea daftari, kumsikiliza na kumtia moyo, mahudhurio mawili mfululizo sikumpima nguvu za mguu. Wiki ya pili zilikuwa kamili, nikaziacha hapo kana kwamba nimezifungia kabatini. Alikuwa amejaribu kurudi kwenye cherehani kwa nusu saa nusu saa, akiwa amesimamia zaidi mguu wa kushoto. Katika mazungumzo ya kupoteza muda akanilalamikia mashine: kikanyagio hakirudi vizuri siku hizi, ameshamwita fundi, amebadilishiwa mkanda mara mbili, bado.

Nilimwambia avue kiatu.

Cherehani ya miguu huendeshwa kwa kisigino na vidole kwa zamu. Kisigino kinapokanyaga, vidole vinapaswa kuinuka. Kidole gumba chake cha kulia kiliinuka, lakini nilipokigusa kwa ncha ya kidole changu kikaanguka. Tatu kwa tano. Hakuweza kutembea kwa visigino; wayo wa kulia ulikuwa unapiga sakafu. Mashine ilikuwa nzima. Aliyekuwa amelegea ni yeye, na alikuwa akilipia matengenezo ya kitu kizima.

Nilimwuliza pale pale yale maswali ambayo hayasubiri: mkojo unatoka kawaida? Choo unakizuia? Kuna ganzi sehemu za siri, au pale ambapo ungekalia tandiko la baiskeli? Hapana kwa yote. Lingejibiwa ndiyo hata moja, tungekuwa njiani kuelekea hospitali jioni ile ile, kwa sababu neva zote za chini zikibanwa kwa pamoja muda huhesabiwa kwa saa, na anayechelewa anaweza kubaki na mkojo usiozuilika maisha yake yote. Kwake haikuwa hivyo. Lakini udhaifu unaoongezeka ni jambo tofauti na maumivu yanayoendelea. Nikampigia bingwa simu nikiwa bado nimeshika kiatu.

Sijui kidole kilianza kulegea lini. Kingekuwa kimeandikwa nne kwenye ukurasa wangu wa mwezi wa nne, uamuzi huenda ungefanyika wiki kadhaa mapema. Niliacha pengo pale, na pengo hilo halizibiki kwa maelezo.

Kikao

Upinzani mkubwa ulitoka kwa kaka yake mkubwa. Alikuja kliniki amevaa vizuri, akanisalimu kwa heshima, akakaa, akasema anamjua mtu aliyepasuliwa mgongo na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wengi tukisikia hadithi hizi huzipuuza. Nimejifunza kuuliza: alipasuliwa kwa sababu gani? Ikabainika yule bwana alianguka kutoka juu ya jengo akavunjika mgongo. Alifikishwa chumba cha upasuaji akiwa tayari hana hisia miguuni. Kisu kilibebeshwa lawama ya anguko.

Nikamchorea mgongo kwenye karatasi. Uti wa mgongo wenyewe, ule wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mafungu ya neva yanayoning'inia kama mkia wa farasi. Diski ya dada yake iko chini zaidi. Neva yaweza kuumia pale, na nilimwambia hivyo, lakini kupooza miguu yote kwa upasuaji wa mahali pale ni jambo la nadra sana. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Kwa bingwa walikwenda watatu: mama, mumewe na kaka. Niliomba kuwepo. Kwanza bingwa hakuongelea skrubu kabisa. Alisema ataondoa kipande kilichotoka, kwa kupitia tundu dogo, akitumia hadubini, na sehemu kubwa ya diski ataiacha mahali pake. Alieleza hatari bila kuzipamba. Utando unaozunguka neva unaweza kupasuka, hutokea kwa wachache katika kila mia na kwa kawaida hushonwa palepale. Kidonda kinaweza kupata maambukizi. Damu, nusu kaputi, na hatari ndogo ya neva kuumia zaidi. Na ile ambayo watu huisahau: kati ya watu 100 waliopasuliwa hivi, watano hadi 15 diski ile ile huja kutoka tena.

Kuhusu faida alitaja utafiti wa Kanada wa mwaka 2020, ambao unamfaa mama huyu kuliko ule wa Uholanzi kwa kuwa uliwachukua watu 128 waliokuwa na siatika kwa miezi minne hadi 12. Kundi hilo lilikwisha kuvuka ule muda ambao wengi hupona wenyewe. Baada ya miezi sita maumivu ya mguu kwa waliopangiwa upasuaji yalishuka hadi wastani wa 2.8 kwa kumi. Kwa waliopangiwa kuendelea na tiba nyingine yalibaki 5.2. Mume aliuliza kama kidole kitarudi. Bingwa akasema anatarajia, hawezi kuahidi, na kwamba neva hurudi kwa mwendo wake.

Kisha mama akauliza swali lake, na naamini lilikuwa limetoka kwenye daftari. "Daktari, nikiamka, kitakachobaki ni nini?"

"Mgongo utabaki nao," bingwa alisema. "Pengine utapungua kidogo, pengine hata kidogo usipungue. Mimi nakwenda kwa ajili ya mguu."

Kaka alifadhaika waziwazi. Mtu unakubali kupasuliwa mgongo, na mpasuaji anakwambia mgongo utaendelea kuuma? Dada yake alikuwa ameshaitikia kwa kichwa. Baadaye aliniambia kuwa daktari wa miaka ile minne nyuma alimwambia atapona, hivyo tu, na ndiyo maana hakumwamini. Huyu alimwambia atakachobaki nacho.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo haikupata msemaji mle chumbani, nami nimeifikiria sana tangu siku ile. Udhaifu wa kidole nao huweza kupona bila kisu. Tafiti juu ya jambo hilo hazisemi kwa sauti moja, na wapo wagonjwa waliosubiri na nguvu zikarudi. Laiti kidole kingekuwa kimebaki nne na maumivu yameshuka hadi tano, ningemtetea mtu yeyote aliyetaka kuendelea kusubiri. Kilichotia uzito ni vitu vitatu kwa pamoja: miezi sita bila nafuu ya kudumu, nguvu zinazoshuka badala ya kupanda, na picha inayoeleza vyote viwili. Kimoja peke yake kisingenitosha.

Baada

Upasuaji ulichukua muda wa saa moja na kidogo. Jeraha lilikuwa na urefu wa kama sentimita tatu. Alilipima mwenyewe kwa utepe wake alipofika nyumbani. Alipozinduka alinyoosha mguu kitandani na kungoja ule umeme. Haukuja. Alisema alilia, kisha akalala saa tano mfululizo, manesi wakawa wanamwamsha kumpima presha na yeye anakasirika.

Wiki ya pili mgongo ulimuuma kuliko kabla ya kupasuliwa. Nilikuwa nimemwonya, hata hivyo simu yake ilikuja na sauti ya mtu aliyetapeliwa. Misuli imekatwa na kusukumwa kando, lazima iume. Tulianza kwa kutembea, dakika tano, kumi, kumi na tano. Wiki ya sita akagusa cherehani, na nikamwekea sharti la kuinuka kila baada ya dakika 20. Analivunja, najua, lakini si kama zamani.

Mwezi wa tano ukamletea kishindo. Aliamka na maumivu yale yale kwenye paja lile lile. Nilimpima siku hiyo hiyo: mguu uliinuka vizuri, kidole hakikuwa kimeshuka. Bingwa akashauri tungoje kabla ya kumrudisha kwenye picha. Siku kumi baadaye yakapotea kama yalivyokuja. Zile siku kumi zilimzeesha, nami sikuwa na usingizi mwingi, maana namba ya watano hadi 15 ni rahisi kuitaja ukiwa ofisini kwa bingwa.

Sasa imepita miezi 14. Mguu, kwa daftari lake, ni sifuri siku nyingi, moja au mbili akisafiri. Kidole gumba kimepanda hadi nne na zaidi. Anatembea kwa visigino, ingawa wa kulia huchoka kwanza. Ganzi kati ya kidole gumba na cha pili ipo, na nadhani itakuwepo. Mgongo ni tatu, nne, tano.

Kaka yake hukubali kwamba dada amepona mguu, lakini huongeza kwamba ule upasuaji "haukukamilika", kwa kuwa bado anamwona akijishika kiuno jioni. Tumeshindwa kumwondolea hilo. Kwake yeye kulikuwa na ugonjwa mmoja na dawa moja, na dawa ikafanya nusu ya kazi.

Wiki iliyopita mama alikuja kwa ajili ya mgongo. Msimu wa kazi nyingi, siku 12 amekaa kwenye kiti bila kupumzika, kiuno kimekaza kama zamani. Alikuwa ameshaanza kujilaza kwenye kitanda cha mazoezi, akiwa amevaa viatu.

Nikamwambia avue kwanza.